Uzoefu wangu: miaka mitatu ya kuunda ndege ya Zenith CH 750 STOL gerejini kwangu

Ndege yangu ilipowekwa kwenye mizani mara ya kwanza ilisoma kilo 368, bila mafuta na bila mtu ndani. Ukiacha injini, magurudumu na vioo, kila kilo katika hizo imepita mikononi mwangu: nimeitoboa, nimeiondoa makali, nimeipiga ribiti, zile pini za kuunganisha bati. Mimi ni nesi wa zamu ya usiku, mzaliwa wa Mwanza, naishi Columbia, Missouri, na sikusomea uhandisi. Tangu ndugu na marafiki waione picha yake ikiwa hewani, maswali hayaishi: seti ya vipande vya kujiundia inauzwaje, inaenea gerejini, sheria zinasemaje, na je, mtu anaweza kuibadilisha atakavyo? Nitajibu yote, lakini hilo la mwisho nitalikalia zaidi kwa sababu nililijua kwa gharama.

Zenith CH 750 STOL ni ndege ya watu wawili wanaokaa bega kwa bega, bawa likiwa juu, mwili wote wa aluminiamu. Aliyeibuni ni Chris Heintz, mhandisi aliyewahi kufanya kazi kwenye mradi wa Concorde kule Ufaransa, kisha akahamia Kanada na kujikita katika ndege ndogo za watu kujiundia. Ilitoka mwaka 2008, ikiwa pana na yenye nguvu kuliko CH 701 iliyoitangulia. Hizo herufi STOL maana yake inapaa na kutua kwenye uwanja mfupi. Mbele ya bawa kubwa kuna kibawa chembamba kimeshikizwa mbali kidogo, wenyewe wanakiita slati. Upepo unapita katikati, na ndege inaendelea kuelea hata ikienda polepole sana. Hasara yake ni kwamba slati hizohizo zinavuta upepo, na safarini unapata kilomita kama 160 kwa saa. Mwenye haraka hii siyo yake. Mimi nilitaka ndege ya kutua kwenye nyasi na kuona mto chini yangu.

Kiwanda kiko Mexico. Siyo nchi, ni mji mdogo hapahapa Missouri, chini ya saa moja kwa gari kutoka kwangu, na hilo ndilo lililonikata shauri. Hulazimiki kununua seti nzima. Unaweza kuanza na usukani wa mkia peke yake, na wana darasa la siku mbili kiwandani ambapo unaunda usukani wako na kuondoka nao. Nilikwenda mwaka 2021 na mume wangu. Jumapili jioni tuliulaza nyuma ya gari juu ya blanketi, tukarudi nyumbani tunaongea kwa sauti ya chini kana kwamba tumembeba mtoto amelala. Kama unajiuliza unaweza au huwezi, usisome sana mtandaoni. Nenda ukaunde mkia. Ukifika mwisho wa siku ya pili moyo wako utakuwa umeshakuambia.

Mimi moyo uliniambia ndiyo, na chanzo ni baba yangu. Baba ni fundi bati. Kwa miaka mingi alikuwa na kibanda Makoroboi, akitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, karai na ndoo za kumwagilia. Nimekua nasikia nyundo. Lakini ribiti za baba zilikuwa za kugonga, na za ndege hii ni za kuvuta, za ukubwa wa aina mbili: milimita 3.2 na milimita 4. Unapoichomeka kwenye tundu, kichwa chake ni bapa. Mdomo wa bunduki ya ribiti umechongwa kishimo. Bunduki inapovuta msumari wa ndani mpaka ukakatika, tak, kichwa nacho kinakandamizwa na kuwa kuba dogo lililobana bati. Ukipitisha ncha ya kidole juu ya mstari mzima, kidole kinateleza. Kikikwaruza mahali, kuna kasoro: ama kuna chembe za chuma zimebaki kati ya bati mbili, ama bunduki ilishikwa upande.

Wiki ya kwanza ya mkia wa kulala nilimpigia baba kwa video.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nionyeshe mstari."

Nikapitisha simu taratibu. Akanyamaza, kisha akasema, "Rudi nyuma kidogo. Hapo. Ya nne imelala."

Aliiona kutoka Mwanza, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mimi niliyekuwa juu yake nilikuwa nimeipita. "Ribiti iliyolala huifichi kwa rangi," akaniambia, "unaitoa." Kuitoa kuna utaratibu wake: unaweka ncha ya drili katikati ya kichwa hasa, unatoboa polepole hadi kichwa kianze kuzunguka na drili, unakitoa kama kizibo, halafu unasukuma mwili uliobaki uanguke ndani. Ukienda kasi, drili inateleza na kutanua tundu, na hapo umejiongezea kazi. Ribiti ile moja ilinichukua karibu robo saa. Baadaye nilifikia kutoa moja kwa dakika mbili.

Ubora wa seti? Kwangu mimi ni mkubwa. Matundu karibu yote yametobolewa na mashine za kompyuta, kwa hiyo unalaza bati juu ya mbavu na matundu yanakutana. Unayashikiza kwa kleko, vile vibanio vya springi vinavyokaa mahali pa ribiti kwa muda. Za rangi ya shaba ni za tundu dogo, nyeusi ni za tundu kubwa. Zangu zilikaa kwenye makopo mawili ya Africafe. Mara tatu hivi matundu yalikataa kukutana, na mara zote tatu kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimechanganya mbavu ya kulia na ya kushoto. Kwa hiyo tundu likikataa, usilazimishe kwa drili. Rudi kwenye mchoro. Kazi inayochosha ni kuondoa makali ya kila tundu na kila ukingo, pande zote mbili, na kupaka dawa ya kuzuia kutu pale bati mbili zinapokutana. Nakadiria theluthi ya saa zangu ziliishia hapo, na hakuna njia ya mkato, kwa sababu ufa kwenye bati huanzia kwenye mkwaruzo.

Sasa nije kwenye kuibadilisha.

Mabawa yalipokuwa mezani nilitaka kupitisha waya za taa za nchani kwa njia yangu, fupi kuliko ya mchoro. Nikatoboa tundu kwenye mhimili wa nyuma wa bawa la kushoto, ile boriti ndefu inayolibeba bawa. Tundu safi, nikalikwangua makali vizuri, nikaweka mpira wa kulinda waya. Niliridhika nalo. Wiki iliyofuata alikuja mzee mmoja kutoka tawi la EAA la karibu nasi. EAA ni chama cha wanaojiundia ndege, kilianzishwa na Paul Poberezny mwaka 1953 kule Wisconsin, na kina washauri wa ufundi wanaokuja kukukagulia kazi bila malipo. Mzee yule hakusema neno. Alitoa rula mfukoni, akaiweka kati ya tundu langu na ukingo wa mhimili, akanionyesha. Nyama iliyobaki pale ilikuwa ndogo kuliko upana wa tundu lenyewe. Mhimili unapopinda hewani, ukingo ndio unaobeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine, na mimi nilikuwa nimeukata.

Niliwapigia kiwandani, nikawatumia picha. Walinijibu kwa upole na bila kuzunguka: badilisha kipande. Ribiti 96 nilizitoa kwa usiku nne nikitoka zamu, na sitaficha kwamba usiku wa kwanza nililia. Kipande chenyewe hakikuwa ghali. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeharibu kitu kilichofika kwangu kikiwa sahihi, kwa ajili ya kuokoa nusu mita ya waya.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja, niliyoiandika kwa kalamu nene ukutani gerejini: kinachoibeba ndege nakiacha kilivyochorwa, kinachonihusu mimi niliyekaa ndani ndicho changu. Mhimili, mbavu, kebo za usukani, bawaba, miguu ya magurudumu: usiguse bila kuwauliza walioibuni. Viti, dashibodi, taa, joto, rangi: hapo cheza unavyopenda, ila pima uzito.

Viti kwanza. Mimi ni mfupi, sentimita 157. Nikikaa kwenye kiti kilivyo, miguu inafika kwenye pedali kwa ncha za vidole na macho yananiishia kwenye dashibodi. Wapo wanaorefusha pedali. Mimi pedali niliziacha, kwa sababu ni sehemu ya usukani, nikaongeza mto wa mgongo wa sentimita 7 na wa makalio wa sentimita 5. Hapa nina lalamiko. Duka moja la kushona viti liliniahidi sponji isiyoshika moto. Mito ilikuja mizuri, mishono imenyooka. Nikakata kipande cha ukubwa wa kidole, nikatoka nje, nikawasha kiberiti. Kiliwaka papo hapo na kudondosha matone ya moto kwenye saruji. Ukiwa ndani ya kichumba kidogo chenye mafuta juu kwenye mabawa yote mawili, huo si mto. Niliagiza sponji ya ndege na kitambaa chenye cheti, nikashona mwenyewe kwa cherehani. Yeyote anayeagiza viti, achome kipande kabla ya kulipa salio.

Dashibodi ilikuja ikiwa bati tupu, na hiyo ndiyo sehemu niliyoifurahia kuliko zote. Nilikata kadibodi ya umbo lake, nikabandika picha za vyombo kwa ukubwa halisi, nikakaa mbele yake jioni nyingi nikinyoosha mkono nimefumba macho. Kama mkono haukufika, nilihamisha. Mwishowe niliweka skrini moja ya Dynon, inayoonyesha vipimo vya ndege, katikati upande wangu, na kando yake saa ya kasi na kipimo cha mwinuko vya kawaida visivyohitaji umeme, ili skrini ikizima nisibaki kipofu. Swichi nimezipanga kwa mfuatano wa kuwasha injini, kushoto kwenda kulia. Chini ya kila neno la Kiingereza nimeandika la Kiswahili: MAFUTA, TAA, PAMPU, REDIO. Mkaguzi aliyasoma, akaona Kiingereza kipo juu na kinasomeka, akaendelea. Kwangu hayo si mapambo. Nikishtuka, lugha inayonitoka ni Kiswahili.

Rangi nayo ina hesabu yake. Kupaka ndege nzima kunaongeza kilo kadhaa, na kila kilo ni mafuta usiyobeba. Niliiacha aluminiamu wazi, nikaing'arisha, kisha nikabandika pindo la kanga ubavuni, jekundu na jeusi, la karatasi ya plastiki ya kubandika magari. Mlango wa kushoto una jina la kanga: SUBIRA YAVUTA HERI. Vyote pamoja havifiki kilo moja na nusu. Binti yangu aliomba pindo liendelee hadi kwenye usukani wa mkia, na kwa macho lingependeza kweli. Nilikataa. Uzito ukiongezeka nyuma ya bawaba za sehemu inayochezacheza, hata mdogo, unaweza kuifanya ianze kupapatika kwenye kasi, na mpapatiko ukianza sekunde chache zinatosha kuivunja.

Injini sitaisemea sana. Niliweka Rotax 912 ULS ya nguvu farasi 100, mpya, na ndiyo iliyokula pesa kuliko kitu kingine chochote. Inatumia petroli nzuri ya kituo cha kawaida cha mafuta, kama lita 19 kwa saa, na ina mifumo miwili ya kuwasha inayojitegemea.

Jaribio la matangi nitalieleza, kwa kuwa ni rahisi na watu hulipuuza. Ziba matundu yote ya tangi, funga puto la mtoto kwenye moja, jaza hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli hadi puto lisimame, kisha paka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Puto langu, lililobaki kwenye sherehe ya binti yangu, lilikuwa limelegea kufika asubuhi. Povu likanionyesha: kiungo nilichokaza mimi mwenyewe kilikuwa kinapumua. Nikakikaza upya, puto likakaa siku mbili limetuna.

Gharama. Kwangu, mpaka inapaa, ni dola 81,000, nikijumlisha zana. Sikukopa. Nilinunua mkia, nikaumaliza, nikanunua mabawa, nikayamaliza, halafu mwili, halafu injini. Saa za kazi zilizoandikwa kwenye daftari langu ni 940. Gereji yetu ya magari mawili ilitosha, kwa kuwa bawa moja linaundwa kwa wakati wake na kutundikwa ukutani. Kuunganisha mabawa na mwili tulifanya kwenye hanga, yaani banda la ndege, maana kutoka ncha hadi ncha ni zaidi ya mita 9.

Kuhusu sheria za hapa Marekani: kusajili ndege kwa jina lako lazima uwe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Zaidi ya nusu ya kazi lazima ifanywe na wanaojiundia kwa kujifunza au kujiburudisha, ile watu wanayoiita kanuni ya asilimia 51, na ushahidi wako ni daftari na picha. Piga picha kila siku, na wewe mwenyewe uonekane ukiwa na drili mkononi. Mkaguzi anakuja ndege ikiwa imekamilika, vifuniko vyote vimefunguliwa. Wangu alikaa nusu siku, akakuta nati moja ya meno kwenye kebo ya mkia haina kotapini, ile pini inayoizuia isilegee. Moja tu, lakini kwenye orodha yangu niliitia alama kwamba ipo. Baada ya hapo nilianza ukaguzi wote upya, nikamwomba mume wangu aguse kila nati kwa kidole na kuitaja kwa sauti kabla mimi sijaandika. Nawashauri wote mfanye hivyo tangu mwanzo. Faida nyingine: ukishaiunda unaweza kuomba cheti cha fundi wa ndege hiyohiyo, na ukaguzi wa kila mwaka unaufanya mwenyewe.

Walio nyumbani, msinunue kwa kufuata maelezo yangu. Nendeni kwanza TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, au KCAA kwa walio Kenya, mpate jibu la maandishi kabla ya kulipa chochote.

Bima ilinisumbua. Kampuni moja ilikataa kabisa, nyingine ikakubali kwa sharti niruke kwanza saa sita na mwalimu kwenye ndege ya aina hiihii. Mwanzoni nilikasirika. Baada ya saa ya kwanza na mwalimu nilishukuru, maana hii ndege si kama Cessna niliyojifunzia. Ukipunguza mafuta ghafla ukiwa karibu na ardhi, haielei ikingoja. Zile slati na umbo lake lote vinaivuta, inashuka kama lifti. Unatua nayo ukiwa bado na moto kidogo kwenye injini. Hilo usingoje kulijua siku ya kwanza ukiwa peke yako.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Oktoba 2024, asubuhi, soksi ya upepo imening'inia haijitikisi. Niliongeza mafuta, nikahesabu moja, mbili, tatu, na kabla ya sita magurudumu yalikuwa kimya. Nilizunguka juu ya uwanja dakika 25, nikiangalia joto la mafuta ya injini kuliko nilivyoangalia nje. Kelele ni nyingi, headseti nzuri ni lazima. Na majira ya baridi ni ndege ya baridi hasa. Mfumo wa joto niliouongeza unapasha miguu, mabega hapana.

Saa 40 za majaribio unaruka peke yako, ndani ya eneo uliloandikiwa. Nilizimaliza mwezi Aprili. Jumamosi iliyofuata nilimpeleka binti yangu, ambaye tulipoanza alikuwa na miaka minane na sasa ana kumi na mmoja. Alisimama mlangoni akasoma kibandiko ambacho sheria inataka kiwepo mbele ya abiria, kinachosema ndege imeundwa na mtu binafsi na haifuati kanuni za usalama za ndege za kawaida. Akakisoma mara mbili.

"Mama, huyo mtu binafsi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na mimi pia," akasema, kwa kuwa ndani ya bawa la kulia, mahali ambapo mkono wangu haukupita, nati zote kumi na mbili alizishika yeye. Akapanda, akajifunga mkanda, akaukaza mwenyewe.